Aliona picha ya mama akilia, akajifungia siku mbili

Kuna picha moja kwenye simu yangu ambayo nimeshindwa kuifuta. Niliihifadhi Juni 2024, ile wiki ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Mama amekaa chini nje ya mochari, leso imemteleza mabegani, mikono iko kichwani. Nilipoiona nilifanya kile ambacho wengi wetu tulifanya: nikaisambaza, nikaweka emoji ya moyo uliovunjika, nikapata laiki zangu. Jioni nilikuwa kwa kibanda nikitazama mpira na mabeshte. Maisha yakaendelea. Angalau yangu.

Miezi kadhaa baadaye, usiku mmoja wa bando la bei ya chini, YouTube ikanitupia wimbo wa Kigiriki. Mimi na Kigiriki hatujuani hata kwa salamu. Lakini sauti ya yule jamaa, na ile ala ya nyuzi iliyokuwa ikilia nyuma yake, ilinikalisha kitako. Nikatafuta maana ya maneno. Kumbe ni mama anamlilia kijana wake aliyepigwa risasi kwenye maandamano. Kumbe wimbo wenyewe ulianza na picha, picha ya gazeti. Na aliyeiona hakuipitisha kwa wenzake akaendelea na siku yake. Alijifungia chumbani siku mbili, akatoka na shairi ambalo serikali iliona heri kulichoma moto.

Jina lake ni Yannis Ritsos. Hebu kaa hapo nikusimulie.

Mtoto wa Mei Mosi

Ritsos alizaliwa tarehe 1 Mei 1909. Ndiyo, Siku ya Wafanyakazi, kana kwamba mtu alimpangia. Kwao ni Monemvasia, mji mdogo ulioegemea mwamba mkubwa baharini, kusini mwa Ugiriki. Familia ilikuwa na mashamba na jina. Kisha kila kitu kikaporomoka. Baba alikuwa mcheza kamari, na mali ikaondoka kama maji kwenye gunia. Mwaka 1921, Yannis akiwa na miaka 12 tu, kaka yake mkubwa alikufa kwa kifua kikuu. Kabla machozi hayajakauka, mama naye akafa kwa ugonjwa huo huo. Baba akarukwa na akili na kuishia katika hospitali ya wagonjwa wa akili karibu na Athens. Baadaye hata dada yake kipenzi, Loula, alilazwa huko huko kwa muda.

Kijana alikuwa ameshakwenda Athens mwaka 1925 kusukuma maisha kama sisi wote. Akapiga taipu, akanakili hati za watu ofisini, akaishi vyumba vya kodi ya chini. Haukupita muda, kifua kikuu kikamfuata na yeye. Enzi hizo dawa ya kuua vijidudu vya TB haikuwepo. Ulikuwa unalazwa, unalishwa, unaambiwa upumzike, halafu unangoja kuona utaangukia upande upi. Alikaa miaka kadhaa katika hospitali ya Sotiria, Athens, na nyingine kisiwani Krete.

Lakini sikia hii. Ni humo wodini alikopata shule yake. Wagonjwa walikuwa wafanyakazi, wanafunzi, washairi, watu wa vyama. Walibishana na kupeana vitabu. Hapo ndipo alipokutana na mawazo ya Karl Marx, na akatoka akiwa mkomunisti. Alikuja kubaki hivyo hadi kaburini. Kama mtu niliyeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, nakiri kwamba sehemu hii niliisoma mara mbili. Ritsos hakuwahi kupata digrii kwa kukaa darasani. Digrii yake nitakuja kuitaja mwishoni, ina utamu wake.

Alipotoka hospitalini akafanya kila kibarua kilichojitokeza: akaigiza, akacheza ngoma katika makundi ya maonyesho ya jukwaani, akasahihisha prufu katika shirika la uchapishaji la Govostis. Mwaka 1934 akatoa kitabu chake cha kwanza cha mashairi. Alikiita Trekta. Jina hilo pekee linakuonyesha alikokuwa anaelekea.

Mlango, maiti na mama

Mei 1936, wafanyakazi wa tumbaku katika mji wa Thessaloniki, kaskazini mwa Ugiriki, waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Wafanyakazi wengine wakawaunga mkono, mji ukasimama. Jumamosi tarehe 9 Mei, polisi wakafyatua risasi. Mmoja wa waliokufa alikuwa dereva kijana, Tasos Tousis. Wenzake walimlaza juu ya mlango kama machela. Mama yake akamkuta barabarani.

Mpiga picha alikuwepo. Kesho yake gazeti la Rizospastis, la Chama cha Kikomunisti, likaichapisha: mama mwenye nguo nyeusi amepiga magoti, ameinamia mwili wa mwanawe, barabara ni tupu.

Ritsos, kijana wa miaka 27, akaiona hiyo picha Athens. Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango na kuandika usiku na mchana. Tarehe 12 Mei, siku mbili tu baada ya picha kutoka, sehemu za kwanza za shairi zilikuwa gazetini. Juni likatoka kama kijitabu, nakala 10,000. Kwa kitabu cha mashairi, hiyo ni idadi ya ajabu hata leo.

Shairi linaitwa Epitaphios. Kwa Wagiriki wa dhehebu la Orthodox, hilo ndilo jina la jeneza la maua linalobebwa mitaani usiku wa Ijumaa Kuu, likiwa na kitambaa chenye picha ya Yesu aliyekufa, huku watu wakiimba maombolezo ya Maria. Kila bibi kijijini anazijua nyimbo hizo. Ritsos alichukua kilio cha mama wa Yesu akakiweka kinywani mwa mama wa mfanyakazi. Ukiwa Mgiriki huhitaji kufafanuliwa. Unasikia mistari miwili tu, na mwili unajua.

Hata umbo la shairi lilikuwa la wananchi. Wale mliokaa darasani mkihesabu mizani za shairi la Kiswahili mtaelewa upesi. Kila mshororo wa Epitaphios una mizani 15: 8 kwenye ukwapi, 7 kwenye utao. Ni kipimo cha nyimbo za kale za Wagiriki, zile za harusini na matangani. Beti ni tathnia, mishororo miwili miwili yenye vina. Maana yake ni kwamba mtu asiyejua kusoma angeweza kulishika kwa kusikia tu, jinsi nyanya zetu wa Pwani walivyozishika tenzi.

Na mama wa shairi habaki palepale alipopiga magoti. Anaanza akimtaja mwanawe kiungo kwa kiungo, nywele, macho, mikono. Haelewi kwa nini mtoto aliacha nyumba akaenda barabarani. Taratibu anaanza kuelewa. Anapofika mwisho ameinuka, na anaingia katika safu ya wenzake wa mwanawe. Hapo ndipo serikali ilipoona hatari.

Tarehe 4 Agosti 1936, Jenerali Ioannis Metaxas akatwaa madaraka yote na kuanzisha udikteta. Nakala za Epitaphios zilizosalia, kama 250 hivi, zilichomwa pamoja na vitabu vingine penye nguzo za hekalu la kale la Zeus, katikati ya Athens. Hebu fikiria: kati ya nakala 10,000, moto ulizikuta 250. Nyingine zilikuwa zimeshaingia majumbani.

Chupa chini ya ardhi

Ugiriki ilipata muongo wa mateso. Mwaka 1941 majeshi ya Hitler yaliingia, njaa ikaua watu Athens. Ritsos, mgonjwa kitandani, aliunga mkono EAM, harakati kubwa ya kuwapinga wavamizi. Wajerumani walipoondoka, Wagiriki wakageukiana wenyewe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliisha mwaka 1949 kwa upande wa kushoto kushindwa, na upande wa Ritsos ulikuwa huo.

Yeye alikuwa ameshakamatwa mwaka 1948. Kwanza wakampeleka kisiwa cha Limnos. Kisha Makronisos. Hilo jina Wagiriki wazee wakilisikia wananyamaza kidogo. Ni kisiwa kirefu kikavu kilicho karibu na Athens, hakuna mji, hakuna kivuli, upepo hauna breki. Maelfu ya wafungwa waliishi kwenye mahema. Walibebeshwa mawe kutoka hapa hadi pale, halafu kutoka pale hadi hapa. Walipigwa. Na walichotakiwa kufanya ili yote yaishe kilikuwa kitu kimoja chepesi: kutia sahihi karatasi ya kutubu, useme uliyoamini yalikuwa upuuzi, uwakane wenzako.

Wengi walisaini, na mimi si wa kuwacheka. Mtu aliyevunjwa mwili si wa kuchekwa na mtu aliye kwenye kochi. Ritsos, na mapafu yake mabovu, hakusaini.

Akaandika. Usiku au alipopata nafasi, kwenye karatasi yoyote aliyoweza kuipata. Mashairi ya Makronisos hayana mapambo. Yanataja jiwe, kopo, blanketi, kiu, mwenzako anayekohoa. Akishamaliza, alikunja karatasi, akaziingiza ndani ya chupa, akazifunga na kuzizika ardhini. Maandishi hayo yalinusurika na yakaja kuchapishwa.

Nilipofika hapo nilimkumbuka Abdilatif Abdalla wetu. Mwaka 1969 alifungwa kwa sababu ya kijikaratasi kilichouliza Kenya inaelekea wapi. Akatunga gerezani kwa siri, akiandika kwenye karatasi za chooni, na leo tuna Sauti ya Dhiki. Hawa wawili hawakuwa katika nchi moja wala lugha moja, lakini wangeketi meza moja wangeelewana bila mkalimani.

Kutoka Makronisos, Ritsos akahamishiwa kisiwa kingine, Agios Efstratios. Nje ya nchi watu walianza kupiga kelele kwa niaba yake, wakiwemo Louis Aragon wa Ufaransa na Pablo Neruda wa Chile. Mwaka 1952 aliachiliwa. Miaka miwili baadaye akaoa daktari wa kisiwa cha Samos, Garyfallia Georgiadi. Mwaka 1955 wakapata binti.

Usidhani kila alichoandika kilikuwa siasa. Mwaka 1956 alitoa Sonata ya Mwangaza wa Mwezi. Ni mwanamke mzee mwenye nguo nyeusi, ndani ya nyumba kuukuu, usiku wa mbalamwezi, anazungumza na kijana mmoja. Anamwomba amruhusu atoke naye nje, watembee kidogo tu. Kijana hasemi neno. Mwishoni anaondoka peke yake. Hakuna chama humo, hakuna bendera, ni upweke mtupu. Ilishinda tuzo ya taifa ya ushairi, kutoka nchi ile ile iliyokuwa imemfunga miaka minne.

Nilipolisoma nilielewa kitu kuhusu Epitaphios. Mtu aliyempoteza mama akiwa na miaka 12 alikuwa anajua kuwasikiliza wanawake wenye nguo nyeusi.

Shairi likaingia baa

Mwaka 1958 Ritsos alimtumia Epitaphios mwanamuziki kijana aliyekuwa akisoma Paris, Mikis Theodorakis. Naye alikuwa amepitia Makronisos. Theodorakis akalitilia muziki, na mwaka 1960 nyimbo zikatoka kwa santuri mara mbili. Moja iliimbwa na Nana Mouskouri, laini na ya heshima. Nyingine iliimbwa na Grigoris Bithikotsis, sauti ya mitaa ya wafanyakazi, akisindikizwa na buzuki ya Manolis Chiotis.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Buzuki ilikuwa ala ya vilabu vya pombe na mapango ya wavuta bangi. Wasomi wakashika vichwa: shairi takatifu namna hii, na ngoma ya walevi? Fikiria mtu achukue utenzi wa kale wa Lamu auweke kwenye mdundo wa gengetone. Magazeti yalijaa mabishano.

Ila wananchi waliamua wenyewe. Ile ya buzuki ndiyo iliyoingia madukani, kwenye maskani na kwenye maandamano. Shairi ambalo dikteta alidhani amelimaliza kwa kiberiti likawa linaimbwa na watu ambao hawajawahi kununua kitabu cha ushairi. Ndiyo hiyo iliyonifikia mimi, na bando langu la usiku.

Tarehe 21 Aprili 1967 wanajeshi wakapindua serikali. Ritsos alikamatwa siku hiyo hiyo, na safari hii alikuwa karibu miaka 58. Wakamrudisha visiwani, kwanza Gyaros, kisha Leros. Vitabu vyake vikapigwa marufuku. Muziki wa Theodorakis nao, jeshi likatoa amri kwamba kuucheza au kuusikiliza ni kosa.

Theodorakis, akiwa naye kizuizini mahali pengine, alipenyeza ujumbe wa siri: nitumie maneno mapya. Tarehe 16 Septemba 1968, huko Leros, Ritsos aliandika vijishairi 16 kwa siku moja. Vilikuja kufika 18, vinaitwa nyimbo za nchi chungu. Vya mistari minne minne tu, katika ile ile mizani 15 ya bibi zake. Vikatoka nje, vikatiwa muziki, vikaimbwa.

Afya ilipozidi kuzorota, wakampeleka Samos kwa mkewe, lakini chini ya ulinzi, nyumbani. Miaka hiyo ya vizuizi alikuwa pia akiokota mawe ya ufuoni na mizizi ya miti, akichora nyuso juu yake. Mikono haikukaa bure.

Machozi ya mama gani?

Sasa lazima niseme jambo ambalo mashabiki wake hulipita haraka. Ritsos alikaa mwaminifu kwa chama maisha yake yote. Mwaka 1956 vifaru vya Urusi ya Kisovieti viliponda watu Hungary. Mwaka 1968 viliingia Czechoslovakia. Hakujitenga na chama. Mwaka 1977 alipokea Tuzo ya Amani ya Lenin kutoka Moscow, kutoka serikali iliyokuwa imeshamfukuza mshairi Joseph Brodsky mwaka 1972 na mwandishi Aleksandr Solzhenitsyn mwaka 1974. Watu wenye kalamu, kama yeye. Waliofungwa au kupelekwa mbali kwa maneno, kama yeye.

Nimehangaika na hili. Mtu aliyesikia kilio cha mama wa Thessaloniki vizuri namna ile, mbona hakusikia cha mama wa Budapest? Wanaomtetea husema chama ndicho kilichokuwa familia yake baada ya familia ya kwanza kumfia. Waliolala naye kwenye mahema ya Makronisos ndio waliokuwa chama. Kuwaacha ingekuwa kama kuisaini ile karatasi. Naelewa. Sikubali, lakini naelewa. Na swali hilo linarudi kwangu: ni akina mama wangapi ambao sikuwaona kwa sababu watoto wao walikuwa upande ambao siupendi?

Digrii na mwamba

Utawala wa kijeshi ulianguka Julai 1974. Mwaka uliofuata, chuo kikuu kikampa Ritsos digrii ya heshima. Ni Chuo Kikuu cha Aristotle. Kiko wapi? Thessaloniki. Mji ule ule wa mlango, maiti na mama.

Aliendelea kuandika karibu kila siku, na vitabu vyake vilizidi 100. Tuzo ya Nobel hakuipata. Wagiriki walioipata kwa ushairi ni George Seferis mwaka 1963 na Odysseas Elytis mwaka 1979. Alikufa Athens tarehe 11 Novemba 1990, akiwa ameshuhudia ukuta wa Berlin ukibomolewa na serikali za kikomunisti za Ulaya Mashariki zikianguka moja baada ya nyingine. Alizikwa kwao Monemvasia, chini ya ule mwamba.

Mimi sijawahi kupigwa mtu akinitaka nisaini chochote. Kilio changu kikubwa ni karo, na bando linaloisha kabla ya mwezi. Lakini kitu kimoja nimekichukua kwa huyu mzee. Picha ilipomuumiza, hakuiacha ipite. Aliikalia. Akatafuta wimbo ambao mama yule angeutambua kama wake, mizani kwa mizani, hadi ukashikika kinywani mwa mtu mwingine. Kuandika kwenyewe kulichukua siku mbili. Watu bado wanaimba, na ni karibu miaka 90.

Wikendi iliyopita nilizima data, nikaifungua ile picha ya Juni 2024. Nikaiangalia kwa muda mrefu kuliko siku niliyoisambaza. Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba yule mama ana kiatu kimoja tu mguuni. Cha pili sijui kilipotelea wapi. Nikachukua kalamu, nikaanzia hapo.

Nimefika mshororo wa sita. Vina bado vinanisumbua, lakini nipo.